Sikio kali, jicho lina ukungu: kurekebisha otofokasi ya lenzi ya zumu

Swali: Asalaam aleikum, fundi. Napiga picha za harusi hapa Bombo, Uganda. Nina Canon 5D Mark III niliyoinunua mtumba, pamoja na lenzi ya zumu ya 24-70 mm f/2.8. Kwenye 24 picha ni safi. Nikivuta hadi 70, macho ya bibi harusi yanaingia ukungu, ila hereni na sikio vinatoka vikali. Rafiki akaniambia niingie kwenye menyu ya kurekebisha otofokasi (kamera kulenga yenyewe) niweke -6. Nikajaribu kwa chupa ya soda mezani, ikakaa sawa. Lakini Jumamosi iliyopita picha za ukoo mzima zimetoka mstari wa mbele mkali, wa nyuma hauna uso. Namba sahihi ni ipi? Na kweli zumu inaweza kuwa na namba moja?

Waaleikum salaam, ndugu yangu. Nianze na la mwisho: zumu haina namba moja, na kamera yako inalijua hilo, ndiyo maana ina nafasi mbili, W kwa upande mpana na T kwa upande wa kuvuta. Sasa niambie, hiyo -6 uliiweka wapi? Kama mliingia pale panaporekebisha lenzi zote kwa kiasi kimoja, basi umeinywesha dawa kila lenzi uliyonayo, wagonjwa na wazima. Rudisha sifuri kabla hujasoma zaidi. Halafu chagua ile njia ya kurekebisha kila lenzi peke yake. Kamera itaitambua lenzi kwa namba yake ya usajili, hata ukiazima 24-70 ya mwenzako haitachanganyikiwa. Kama lenzi haitoi namba hiyo yenyewe, utaiingiza kwa mkono kama ilivyochapwa kwenye bomba la lenzi.

Tuelewane kwanza ugonjwa unatoka wapi. Unapotazama kwenye kidirisha, kioo kikubwa ndani ya kamera kinaupeleka mwanga juu kwenye jicho lako. Lakini kioo hicho hakirudishi mwanga wote. Kinapitisha kiasi, na nyuma yake kuna kioo kidogo kinachouangusha huo uliopita hadi sakafuni mwa kamera. Huko chini ndiko iliko sensa ya otofokasi. (Sensa ya kamera, si ile ya 2024 ya kuhesabu watu.) Picha yenyewe inachukuliwa na sensa nyingine, iliyo nyuma ya shata, lile pazia linalofunguka unapopiga. Kwa hiyo anayepima ni mmoja na anayepiga ni mwingine, na urefu wa njia zao mbili lazima ulingane. Kamera ikigongwa, kioo kidogo kikilegea, au kiwanda chenyewe kikiacha tofauti ndogo, kipimo kinasema "tayari" wakati picha bado. Kamera zisizo na kioo zinapima kwenye sensa ile ile inayopiga, na ndiyo sababu wenye nazo hawajui tunalia nini.

Tofauti yenyewe ni ndogo ajabu. Chukua 0.06 mm, takriban unene wa unywele. Kwenye 70 mm, mtu akiwa mita 2 mbele yako, unywele huo unasogeza fokasi kama sentimita 5. Na kina cha makali hapo kwa f/2.8 (tundu la lenzi likiwa wazi kabisa), yaani eneo lote linaloonekana kali mbele na nyuma ya ulipolenga, ni kama sentimita 14 tu, 7 huku na 7 kule. Hicho nacho ni kipimo cha picha iliyochapwa kwa ukubwa wa kawaida. Wewe unayeikuza kwenye kompyuta hadi kuhesabu kope utaliona kosa mapema zaidi.

Hapa pana mtego wa zumu ambao wengi hawauoni. Unasema kwenye 24 picha ni safi. Umejuaje? Kwenye 24, kwa f/2.8 na mita 2 zile zile, kina cha makali kinapita mita moja. Kutoka jichoni hadi sikioni ni kama sentimita 10. Kwa hiyo jicho na sikio vitafanana hata fokasi ikiwa imeteleza: vyote vitapungua makali kidogo, na wewe utasema lenzi ndivyo ilivyo. Kipimo cha sikio na jicho kinafaa upande wa kuvuta. Upande mpana kinadanganya, na lazima upime kwa njia nyingine nitakayokueleza.

Lakini kabla ya menyu, kuna watuhumiwa wawili ambao si lenzi, na kwa maelezo yako nawashuku zaidi.

Wa kwanza ni hereni. Kile kimraba unachokiona kwenye kidirisha ni mchoro tu. Eneo ambalo otofokasi inalisoma kweli ni pana kuliko mchoro. Otofokasi nayo hupenda penye tofauti kali ya giza na mwanga. Bibi harusi aliyepakwa vipodozi vizuri, kope ndefu zimefunika jicho, uso laini hauna mkwaruzo, na pembeni yake inaning'inia hereni ya dhahabu inayometameta: kamera yako itakwenda wapi? Harusi za Bombo, na dhahabu na shanga zile, ni karamu kwa otofokasi. Chagua kituo kimoja cha kulenga, kiweke kwenye jicho lililo karibu nawe, na uhakikishe hereni haiko ndani wala jirani ya kimraba.

Wa pili ni tabia ya kulenga kwa kituo cha katikati, kushikilia kitufe, kisha kugeuza kamera ili kupanga picha. Ukigeuza nyuzi 10 tu kwa mtu aliye mita 2, fokasi inaangukia nyuma yake sentimita 3. Ukigeuza 15, karibu sentimita 7. Angalia upande inakoangukia: nyuma, sikioni, pale pale unapolalamikia. Sentimita 3 peke yake haifiki sikioni, lakini ukiongeza na kosa dogo la lenzi inafika. Kamera yako ina vituo 61. Tumia kilicho karibu na jicho na uache kugeuza.

Na kuna wa tatu, huyu huja na wale waliotokea kwenye video: kuvuta hadi 70, kulenga, kushikilia, kisha kurudi 35 na kupiga. Lenzi za sinema hutengenezwa ili fokasi isisogee unapovuta. Zumu nyingi za picha hazikuahidi hivyo. Ukibadilisha milimita, lenga upya.

Sasa kipimo. Chupa ya soda sikuilaumu kwa ubaya, ila ina makosa yote: ni ya mviringo, inang'aa, na uliipima mezani, nadhani hata mita moja haikufika. Nani anapiga picha za bibi harusi kutoka hapo? Kosa la lenzi hubadilika kwa umbali. Menyu ya kamera inakupa namba ya milimita, haikupi namba ya umbali, kwa hiyo chagua umbali unaokulisha. Canon wenyewe hupendekeza mara 50 ya milimita, ambayo kwa 70 ni mita 3.5 na kwa 24 ni mita 1.2. Mimi kwa mpiga harusi naweka kati ya mita 2 na 3 upande wa kuvuta, kwa sababu ndipo uso unapojaa na ndipo mteja anapoangalia.

Bandika ukurasa wa gazeti ukutani, uliobanwa vizuri, wenye maandishi mengi na picha chache. Kivuli cha mchana nje ya nyumba ni kizuri kuliko taa yoyote. Kamera juu ya tripodi nzito, kimo kimoja na gazeti, kituo cha katikati, f/2.8, ISO ndogo, kipima muda cha sekunde 2. Kama lenzi yako ina kitulizi cha mtikisiko, kizime, na filta ya mbele itoe. Sasa jambo ambalo watu huliruka: gazeti na sensa lazima vitazamane sawasawa. Usitumie macho. Chukua kioo kidogo bapa, kama cha kujipodolea, kibandike katikati ya gazeti kikiwa kimelala kabisa ukutani, kisha tazama kwenye kidirisha. Sogeza kamera mpaka uone taswira ya lenzi yako yenyewe katikati ya kioo, jicho la lenzi likijitazama. Hapo mko sawa. Ondoa kioo bila kugusa tripodi. Pembeni ya gazeti, kwa usawa wa ukuta huo huo, egemeza rula kwa mshazari, nusu yake ikija mbele na nusu ikienda nyuma, ili baadaye uone kosa limeelekea wapi.

Anza na 70. Washa skrini ya nyuma na ulenge kwa njia ya skrini. Angalia menyu hapo: 5D Mark III ina njia ya haraka inayoangusha kioo na kutumia ile sensa ya chini. Hiyo usiitumie, maana utakuwa unampima mshtakiwa kwa ushahidi wake mwenyewe. Tumia njia ya kawaida ya skrini, ya polepole, inayosoma picha yenyewe. Piga. Hii ndiyo picha yako ya mfano. Kila nyingine italinganishwa nayo.

Rudi kwenye kidirisha. Zungusha pete ya fokasi hadi mwisho wa mbali, bonyeza nusu, iache ilenge, piga. Rudia mara 5. Kisha zungusha hadi karibu kabisa na urudie mara 5 tena. Usipige mara 10 bila kuvuruga fokasi katikati, kwani kamera ikishajiona iko sawa haisogei, na utakuwa umepiga picha moja mara kumi.

Zikuze zote kumi kwenye kompyuta. Hapa ndipo penye jibu lako, na ndipo ninapokaa muda mrefu kuliko penginepo. Kama zote zimeangukia nyuma ya gazeti kwa kiasi kinachofanana, lenzi ina kosa la kudumu na namba itaitibu. Kama nne ziko nyuma, tatu mbele, tatu sawa, hakuna namba duniani itakayokusaidia, kwa sababu namba husogeza kundi zima kwa pamoja. Haiwezi kulikusanya kundi lililotawanyika. Nimeona watu wanahangaika wiki nzima na namba, leo +4, kesho -7, kumbe kila siku walikuwa wanafukuza mtawanyiko. Mtawanyiko una sababu zake: mwanga hafifu, filta mbovu, kuvu ndani ya vioo, mota iliyochoka.

Kama kundi limekaa pamoja, ingia kwenye menyu. Kutoa kunaileta fokasi karibu nawe, kujumlisha kunaipeleka mbali. Yako inaangukia nyuma, kwa hiyo upande wa kutoa ni sahihi. Rafiki yako hapo hakukosea. Usiende moja moja. Piga picha kadhaa kwenye 0, -5, -10, linganisha na ile ya mfano, ona iko kati ya zipi, ndipo ushuke kwa hatua ndogo. Tofauti ya namba moja au mbili usiihangaikie, otofokasi yenyewe haijirudii kwa usahihi huo. Ukimaliza T, nenda 24, sogea karibu, fanya yote upya kwa ajili ya W. Huku rula haitakusaidia sana. Angalia herufi ndogo kabisa za gazeti, ukilinganisha na picha ya skrini.

Katikati, kamera inakadiria yenyewe kutoka W hadi T. Lenzi halisi haikuapa kufuata hesabu hiyo, basi piga tatu nne kwenye 35 na 50 uone. Ikiwa 50 imekaa vibaya na 50 ndiyo unayoitumia zaidi, isogeze T kidogo ili 50 ipone, na 70 ivumilie. Hiyo ni biashara unayoifanya wewe, kwa kujua kazi yako. Fungua picha zako za miezi mitatu, angalia milimita zilizoandikwa ndani ya faili. Wengi hushangaa wanakoishi.

Kuhusu mwanga nakuambia kwa aibu. Miaka ya mwanzo nilikuwa napima lenzi usiku dukani, chini ya balbu moja ya njano, kwa sababu mchana wateja hawaniachi. Nikajirekebishia 70-200 yangu, kumi za gazeti zote kali, nikalala kwa raha. Asubuhi nikaenda kwenye kwanjula (sherehe ya kumtambulisha mchumba kwao bibi harusi) huko Mukono, jua kali, magauni ya gomesi ya kila rangi, na kila uso nilioupiga umeangukia upande mmoja. Lenzi haileti rangi zote mahali pamoja kwa usahihi, na sensa ya otofokasi haioni rangi kama sensa ya picha inavyoziona. Balbu ya njano imejaa wekundu, kwa hiyo kipimo kinahama. Tangu siku hiyo napima kwa mwanga wa mchana, kisha nathibitisha chini ya taa ninazokutana nazo ukumbini. Taa zikikataa, nabaki na namba ya mchana.

Sasa ile picha ya ukoo. Kosa dogo lile lile ndani ya kamera hukua kwa mraba wa umbali. Kile kinachosogeza fokasi sentimita 5 kwa mtu wa mita 2 kitaisogeza sentimita 45 kwa watu wa mita 6, kwa maana umbali umekuwa mara 3 na kosa mara 9. Chupa yako ilikuwa karibu, ukaitibu ya karibu. Inawezekana kabisa kwamba kwenye mita 6 lenzi haikuwa na kosa, na -6 ikaivuta fokasi yote mbele, kwa wazee walioketi. Lakini -6 haikutenda peke yake. Kwenye 70, mita 6, f/2.8, kina cha makali ni kama mita 1.2. Wazee kwenye viti, watu wazima nyuma yao, vijana juu ya benchi: hiyo ni mita 1.5 au 2 kabla hujamwona mjomba aliyejificha pembeni. Hata lenzi iliyotoka kiwandani jana isingewatosha. Nenda f/5.6, tundu dogo zaidi, upate kama mita 2.5, na ulenge mstari wa pili. Picha za kundi kwa f/2.8 ziache.

Ukija kununua lenzi nyingine, ujue zumu za Sigma za karibuni za kamera zenye kioo zina kifaa cha kuziunganisha na kompyuta, unachopitia kuzirekebisha kwa milimita nne na umbali nne, jumla nafasi 16, na mabadiliko yanakaa ndani ya lenzi. Tamron nao wana chao. Hapo ndipo tatizo lako la karibu na mbali linatibika kweli, ingawa jiandae kwa mchana mzima wa kupiga gazeti. Wenzako wenye Nikon kama D750 wana namba moja tu kwa kila lenzi. Kwao nasema pimeni upande wa kuvuta, mjiridhishe kwamba upande mpana haujaharibika, basi. Wenye D3000 na D5000 na ndugu zao hawana menyu hiyo kabisa, wasipoteze usiku kuitafuta.

Kama T yako inadai zaidi ya 15 upande wowote, au upande wa kushoto wa gazeti ni mkali na wa kulia una ukungu hata kwa skrini ya nyuma, acha menyu. Huo wa upande mmoja ni kioo cha ndani kilichohama, mara nyingi lenzi iliwahi kuanguka, na mtumba hausimulii. Mulika tochi ndani ya lenzi kutoka nyuma: ukiona nyuzi kama za buibui, ni kuvu ya unyevu, ndiyo inayokula utofauti wa mwanga ambao otofokasi inauhitaji.

Ikifika hapo, njoo Kampala na kamera pamoja na lenzi, usilete kimoja. Lenzi inaweza kuwa sawa kwenye kamera yangu na mbovu kwenye yako, na nikiirekebisha bila kuiona kamera yako nitakurudishia tatizo jipya. Njoo na zile picha kumi za gazeti pia, faili zenyewe kwenye kadi. Zilizotumwa kwa simu zinafika zimebanwa, na hapo mimi na wewe tutakuwa tunabishana juu ya ukungu wa simu.